Barua kuhusu shaba zisizo na jina la mfalme

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu swali lako ndilo nililojiuliza mwenyewe nilipoanza kukusanya sarafu za Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya Mashariki: je, ni heri kujinyima mpaka upate sarafu moja ya dhahabu, au kuanza na shaba? Jibu langu ni shaba, tena zile ambazo hazina jina la mfalme yeyote.

Zilianza kutolewa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, chini ya mfalme John I Tzimiskes, aliyetawala kuanzia mwaka 969 hadi 976. Sura ya Kristo ilikuwa imekwisha kuwekwa kwenye dhahabu tangu enzi ya Justinian II, mwishoni mwa karne ya 7, lakini shaba ya sokoni iliendelea kubeba sura na jina la mtawala. Tzimiskes aliviondoa vyote viwili, akaweka sura ya Kristo mahali pake. Skylitzes, mwanahistoria wa karne ya 11, anaeleza kwamba ndiye aliyeamuru jambo hilo na kwamba waliomfuata waliliendeleza. Nao waliliendeleza hadi Alexios I Komnenos alipobadilisha fedha za dola mwaka 1092. Kwa kuwa sarafu 288 za namna hii ndizo zilizolingana na moja ya dhahabu, wanyonge ndio waliozishika kila siku, na ndiyo maana mimi nazipenda kuliko dhahabu.

Ninayo moja mbele yangu ninapoandika, ya wakati wa mfalme Basil II, nzito na pana kama sentimita tatu. Pua ya Bwana imelika kabisa kwa kupita mikononi mwa watu, lakini msalaba ulio ndani ya duara la nuru nyuma ya kichwa chake bado umesimama, na kwenye jalada la Injili aliyoishika kuna vitone vilivyopangwa kama vile vya upande wa tano wa dadu. Upande wa pili hauna picha; una mistari minne ya maandishi isemayo Yesu Kristo, Mfalme wa wafalme. Maneno ni ya Kigiriki, ingawa baadhi ya herufi, kama S na R, ni za Kilatini.

Iliyonishika moyo zaidi, hata hivyo, ni nyingine, ya enzi ya mfalme Michael IV, iliyogongwa juu ya sarafu ya zamani bila kuyeyushwa upya. Kristo amesimama wima, lakini ukiielekeza kwenye mwanga wa pembeni, unaona ngazi za msalaba wa sarafu ya kwanza zikichungulia chini ya vazi lake. Kwa kuwa sarafu hizi hazitaji mtawala wala mwaka, wataalamu walizipanga kwa kiasi kikubwa kwa kuangalia ipi imegongwa juu ya ipi, kwa hiyo usiidharau yenye picha mbili zilizochanganyikana, hata muuzaji akikuambia kuwa ni mbovu.

Kuhusu kununua, nakusihi uwe na subira. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa imesuguliwa kwa asidi mpaka ikabaki nyekundu kama waya wa umeme, na aliyeniuzia hakunieleza. Ule utando wa kijani au kahawia uliojengeka kwa karne nyingi ukishatoka, haurudi. Uliza pia sarafu imetoka wapi na udai karatasi za waliokuwa nayo kabla, maana sheria ya Uturuki inakataza kabisa mambo ya kale kutolewa nchini, nami sitaki mkusanyiko wako uanze na kitu kilichochimbwa kwa siri usiku.

Huko kwenu pwani adui mkubwa ni unyevu. Ukiona unga wa kijani kilichopauka unaotoka kwa kucha, itenge sarafu hiyo na nyingine siku hiyohiyo, kwa kuwa chumvi iliyo ndani ya shaba huendelea kuila kila inapopata maji hewani. Zihifadhi ndani ya chombo kinachofungika vizuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu.

Nimeambatanisha picha ya ile ya Michael IV. Igeuze kichwa chini kabla ya kuitazama, kisha uniandikie umehesabu ngazi ngapi.

Ndimi rafiki yako wa siku zote.