Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Rupia

Wanachama wenzangu, salaam. Mwaka huu tumekutana mara nane, ada wengi mmelipa, hesabu atawasomea mhazini mwenyewe. Mimi nataka tuongelee ile rupia.

Mnakumbuka mama mmoja wa Mombasa alituletea rupia ya fedha aliyoachiwa na bibi yake, uso umesagika ila 1887 inasomeka na VICTORIA EMPRESS, yaani Malkia Victoria wa Uingereza, bado ipo, ikapita mkono kwa mkono na kila mtu akauliza hela ya India imefikaje kwa bibi wa Mombasa? Swali hilo ndo limetubeba mwaka mzima.

Tukaanzia kulekule India, kwenye benki iliyoitwa Oriental Bank. Ilizaliwa Bombay 1842, makao yakahamia London 1845. Kazi yake ilikuwa nzuri tu, mfanyabiashara kapakia mzigo wa London, hawezi kusubiri miezi meli ifike ndo alipwe, benki inanunua hawala yake, yaani karatasi ya kudai malipo ya mzigo, anapata hela leo, wao wanakuja kudai kule. Shida ikaja walipozama kwenye mashamba ya kahawa ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. 1869 ukaingia ugonjwa wa kutu ya majani, mibuni ikaanza kukauka, mikopo hailipiki, na huku madini ya fedha yanashuka bei mbele ya dhahabu, basi 1884 benki ikafunga milango. Fikirieni mtu wa Ceylon ameshika noti ya benki hiyo siku hiyo! Gavana Arthur Gordon akazidhamini noti zile kwa hela ya serikali, na mimi naona alifanya jambo la maana sana, kwa sababu mwenye noti hakukopa wala hakulima kahawa.

Benki wakaifufua kama New Oriental, ikafa tena 1892. Mwaka huohuo National Bank of India, iliyoanzia Calcutta 1863, ikafungua tawi Zanzibar, halafu Mombasa 1896, na biashara yake ya Kenya ndo baadaye ikawa Kenya Commercial Bank. Rupia zenyewe ilizikuta, wafanyabiashara wa Kihindi walishazileta zamani, na pwani zikatumika mpaka miaka ya 1920 shilingi ilipoingia. Kwahiyo bibi hakuwa na hela ya kigeni jamani, ilikuwa hela yake ya sokoni.

Mwakani tunaingia Hong Kong, benki ya HSBC ya 1865. Mwenye noti, hawala au kitabu cha benki cha babu aje nacho, na sarafu tafadhali msizisugue na ndimu, moja tumeshaiharibu hivyo.