Maneno yanayofanana kwa sikio: tusahihishe kabla ya kutuma barua

Habari za jioni wanakikundi. Barua za maombi ya kazi mlizonitumia kwa Kiingereza nimezisoma zote. Makosa mengi yametoka kwenye sikio, si kwenye sarufi.

Lililojirudia zaidi ni "bare with me". Anayeomba avumiliwe huandika "bear with me", kwani "bear" hapo ni kitenzi cha kustahimili. "Bare" ni kuacha wazi, kuvua. Tafadhali, mwajiri asiandikiwe hivyo.

Wengi pia wameandika "free reign" wakidhani ni habari ya utawala. Sahihi ni "free rein", na "rein" ni hatamu: mpanda farasi akiilegeza, mnyama anakwenda atakako. Sisi tunaosema fulani ameshika hatamu hatupaswi kupotea hapo, picha ni ileile. Na "toe the line", yaani kufuata utaratibu, ni vidole vya mguu vilivyopangwa kwenye mstari, si "tow" ya kuvuta gari bovu.

"Leave" (kuondoka) na "live" (kuishi) zinatutesa kwa sababu Kiswahili kina irabu tano tu, na zote mbili tunazisikia kama i. Someni kwa sauti, mkiivuta ile ya "leave". Aliyeandika "I am living on Friday" nimemjibu pembeni. Barua yake ni nzuri mno, nisingependa ikwame kwa neno moja.

Kesho saa 2 usiku kila mmoja alete sentensi 2 alizotunga mwenyewe. Anayeona haya aniandikie mimi kwanza.