Duka limefungwa kwa matengenezo: jinsi ya kulikagua kabla ya wateja

Duka lako la mtandaoni tunalifanyia matengenezo usiku, kwa kawaida kati ya saa sita na saa kumi alfajiri. Muda huo mteja anaona ukurasa mmoja tu unaomwomba arudi baadaye. Wewe mwenye mali unahitaji kuona zaidi: kama bei za sufuria ulizopanga juzi zimekaa sawa, na kama kitufe cha Lipa na M-Pesa kimetokea mahali pake.

Kila kipengele kipya tunakifungia swichi, yaani alama ndani ya programu inayokiwasha au kukizima. Swichi kuu iko kwenye seva, kompyuta inayoendesha duka, na sisi ndio tunaoiwasha. Lakini unaweza kuiwasha kwa muda ndani ya kivinjari chako peke yako, na hakuna mteja atakayeona tofauti.

Kwenye kompyuta yenye Chrome, ingia kwanza kama msimamizi, maana bila hivyo seva itakuonyesha ukurasa wa matengenezo kama mtu mwingine yeyote. Bonyeza F12. Juu ya paneli itakayofunguka chagua “Application”. Usipoiona, bofya mishale miwili iliyo mwishoni mwa mstari huo. Upande wa kushoto fungua “Session storage”, kisha bofya anwani ya duka lako. Bofya mara mbili safu tupu ya kwanza, upande wa jina uandike swichi.kikapu_kipya, upande wa thamani uandike 1. Bonyeza Enter, halafu F5 ili ukurasa upakiwe upya, kwa sababu swichi husomwa mara moja tu ukurasa unapofunguka. Ukiona utepe wa njano juu ya ukurasa, imekubali.

Utepe usipotokea, angalia anwani kwanza. Kwa kivinjari, anwani yenye www na isiyo nayo ni nyumba mbili tofauti. Ulichoandika huku hakisomeki kule. Kisha angalia herufi: kubwa na ndogo si kitu kimoja, na nafasi iliyojipenyeza mwishoni huharibu jina zima. Kosa la tatu ni kuandika true au false. Hifadhi hii ya “Session storage” hutunza maandishi tu, na kwa JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za wavuti, andiko lolote lisilo tupu huhesabika kuwa ndiyo, hata neno false lenyewe. Ndiyo maana programu yetu inatafuta tarakimu 1 pekee. Kingine chochote inakipuuza.

Swichi hii inakaa kwenye kichupo kimoja. Ukifungua kingine na kuandika anwani upya, utaanza tena kutoka mwanzo. Tuliichagua kwa sababu hiyo hiyo: ukifunga kichupo, inaondoka nacho. Lakini ukikirudisha kichupo ulichokifunga, inaweza kurudi pamoja nacho.

Chrome ya simu haina paneli hiyo. Mwenye simu tunamtumia kiungo chenye jina la swichi mwishoni mwa anwani, nacho hufanya kazi kwa aliyeingia kama msimamizi tu, hata kikisambaa kwenye kikundi cha WhatsApp.

Jambo moja tunakuomba sana ulishike. Swichi ya kivinjari hubadilisha unachokiona, haibadilishi kinachoamuliwa na seva. Bei, idadi ya bidhaa stoo na malipo vyote viko kule. Ukibonyeza kulipa wakati wa majaribio, ombi la PIN litafika kwenye simu yako na pesa itakayokatwa ni pesa kweli. Tumia bidhaa ya majaribio ya shilingi 10 tunayokuwekea.

Na usiguse sehemu iitwayo “Console”. Hatutakupigia simu kamwe kukuambia ubandike kitu humo. Anayekuambia hivyo anatafuta kuingia kwenye akaunti yako. Kata simu, kisha utuarifu.

Ukimaliza, bofya safu ile kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uifute, kisha F5 tena. Ukiiacha, asubuhi utakuwa unamwelekeza mteja kwenye kitufe ambacho kwake hakipo. Ukikuta kasoro, tupigie picha ya skrini nzima, anwani ionekane juu, na utuandikie saa uliyoiona. Kwa saa hiyo tunaipata haraka kwenye kumbukumbu za seva.