Kwa masomo, mashangazi na kina mama wa vyama: wapi tungoje, wapi tusingoje

Assalaam alaykum wanangu, na kwa wenzetu wa makanisani salamu za amani.

Nawaandikia nyinyi, si madaktari wala serikali, kwa sababu katika mji huu nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa. Bi arusi akilia chumbani huitwa somo wake. Kijana akianza kujifungia, mamake humnong'oneza shangazi. Mwenzenu akikosa vikao vya chama, nyinyi ndio mnaojua kama ni pesa au kuna jengine. Mimi nilikuwa nesi wa wagonjwa wa akili hapa Mombasa mpaka nikastaafu, na wengi niliowapokea walifika wamechelewa: wamekonda, mikono ina alama za kamba, ugonjwa umeshakomaa. Waliowachelewesha hawakuwa watu wabaya. Walikuwa mama na mashangazi waliotaka kuwasitiri.

Basi maneno yangu ni juu ya huko kungoja.

Naanza na chumba cha mzazi, kwa sababu hicho mnakijua kuliko daktari yeyote. Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua, maziwa yakianza kuja, mzazi anaweza kulia bila sababu. Asubuhi anacheka, adhuhuri analia, mkimuuliza ana nini hajui. Hali hiyo huwapata wengi na hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Hapo kungoja ni sawa. Dawa yake ni usingizi. Mkandeni, mlisheni, mpokeeni mtoto usiku alale, na wageni wa kuja kutazama mtoto muwapunguze. (Najua baadhi yenu mtanuna kwa hilo la wageni. Nuneni.)

Wiki mbili zikipita na machozi hayajakauka, sasa tazameni vizuri. Mtoto analia naye anamtazama kama mtoto wa jirani. Uji wa pilipili manga unapoa kando yake. Mtoto akilala, yeye hawezi kulala. Mkimkazia, atawaambia yeye ni mama mbaya, na kwamba mtoto huyu angekuwa na bahati kama angelelewa na mwengine. Hiyo ni sonona ya uzazi, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi kama zetu humpata karibu mama 1 kati ya 5 baada ya kujifungua. Hesabuni wanawake wa ukoo wenu mlioshuhudia arubaini zao, mtaona si wachache. Na msidhani arubaini ikitoka hatari imetoka nayo: inaweza kuanza tangu mimba, na inaweza kuja miezi mingi baada ya uzazi. Hamhitaji hata kupanga safari ya peke yake. Mtoto anapelekwa chanjo akiwa wa wiki 6, 10 na 14. Siku hiyo mwambieni nesi, "Mama naye hayuko sawa." Zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, daktari ndiye atakayechagua.

Kuna la tatu, nalo ni nadra: uzazi mmoja au miwili katika kila 1,000. Lakini likija halina subira. Mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza. Mzazi hajalala siku mbili na wala hachoki, maneno yanamtoka mbio, anasikia sauti, anasema mtoto amebadilishwa, au mtoto ni jini, au ametumwa na Mungu kufanya jambo. Huyo hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika. Ubani fukizeni mkitaka, lakini gari liwe limeshaitwa.

Nimetaja ubani, basi nimalize neno hilo, kwa sababu najua ndilo linalowakaa kooni. Sikatazi dua. Nimelelewa na kombe na kisomo, na mgonjwa aliyesomewa na mtu anayemwamini nimemwona akitulia moyo. Ninachokataa ni kuishia hapo. Mtume, rehma na amani zimfikie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake, wala hakuyatoa maradhi ya akili katika hilo. Na wanaosema hospitali ya akili ni jambo la Wazungu, Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo katika karne ya 13, na ndani yake mlikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kipimo changu cha mwalimu wa kisomo ni chepesi. Akisema, "Endeleeni na dawa za hospitali, nami nitasoma," kaeni naye. Akisema, "Tupeni dawa, zinagombana na ruhani," chukueni mtu wenu muondoke, na mbuzi wenu pia. Kifafa nacho ni ugonjwa wa ubongo, si pepo wala wazimu, na wengi wanaokunywa dawa zake kila siku hukaa bila kuanguka.

Sasa sonona isiyo ya uzazi, kwa wanaume na wanawake. Watu wetu hawaji wakasema, "Nina huzuni." Huja wakasema kichwa kinawaka moto, mgongo unakatika, usingizi umenihama, mwili hauna nguvu. Hupimwa malaria, hupimwa taifodi, hupimwa taifodi tena, mkoba unajaa karatasi na zote hazina kitu. Mwisho mtu huambiwa anajitia ugonjwa. Hajitii. Maumivu anayasikia kweli, ila chanzo hakionekani kwenye damu. Mtu wa namna hii muulizeni tangu lini, kisha muulizeni kile alichokuwa akikipenda kama bado kina ladha. Mpika mahamri anayesifiwa mtaa mzima haamki tena alfajiri. Shabiki wa mpira hajui timu yake imecheza na nani. Ikiwa ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo umekufa ganzi, usingizi na chakula vimeharibika, anajiona hana thamani na kazi zimemshinda, apelekwe. Msimwambie ashukuru kwa alivyojaaliwa. Anajua alivyojaaliwa, na kujua huko kunamuumiza zaidi.

Mfiwa ni mwengine. Mjane aliye edani akilia si mgonjwa, mwacheni alie. Ila akifikia kusema ajiue amfuate marehemu, au miezi ikapita hawezi hata kujiogesha, hapo tena si msiba peke yake.

Wengine si huzuni, ni hofu. Ghafla moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, pumzi haishuki, vidole vinakufa ganzi, naye anaamini kabisa kwamba anakufa. Baada ya dakika chache hupungua. Mara ya kwanza apelekwe apimwe moyo, hasa akiwa mtu mzima au ana presha au sukari, msijifanye madaktari. Moyo ukionekana mzima na hali ikirudi, mpaka anaogopa kupanda matatu au kwenda sokoni peke yake, huo ni ugonjwa wa wasiwasi, na mara nyingi hutibika kwa mazungumzo na mazoezi ya kupambana na hofu hata bila tembe.

Watu wa Likoni na Mtongwe wanaijua aina nyengine. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipozama wakafa watu 272, wapo waliookoka maji lakini maji hayakuwatoka. Baada ya ajali, kuvamiwa au kubakwa, ndoto mbaya na kushtuka kwa wiki za mwanzo ni jambo la kibinadamu. Mwezi ukipita na mtu bado anaiona ajali akiwa macho, anakwepa njia zote zinazomkumbusha na usiku halali, hicho ni kiwewe, nacho kina tiba.

Nije kwa kijana wa chumba cha nyuma. Huyu ndiye tunayemficha kuliko wote. Ana miaka kumi na minane, ishirini, ishirini na tatu. Alikuwa mchangamfu. Kwanza aliacha maskani, kisha akaacha kuoga, kisha mkasikia anazungumza peke yake usiku. Sasa hali chakula cha dadake kwa sababu kimetiwa sumu, na redio inamsema. Nyinyi mnasema ni muguka, yale majani ya kutafuna, na bangi, akiacha atarudi. Inawezekana. Muguka unakata usingizi, na bangi inaweza kuiamsha hali hii kwa mwenye mwelekeo nayo. Lakini kuna skizofrenia pia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushuku watu, na huanza katika umri huu huu, na mara nyingi kijana huvuta kwa sababu sauti zimeshaanza. Nyinyi hamwezi kutenganisha hayo mawili kwa macho, wala mimi sikuweza. Mei 2024 kaunti yetu ya Mombasa ilipiga muguka marufuku, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na mabishano yakajaa mitaani. Katika mabishano yote yale sikusikia mtu akiuliza ni nani atakayewatibu walioharibika tayari. Kila mwezi anaokaa chumbani bila tiba unamrudisha nyuma. Msimfunge. Msibishane naye kama sumu ipo au haipo, mwambieni tu, "Naona unaogopa, twende tukatafute usingizi." Wengi hukubali wakiambiwa usingizi.

Na mgonjwa wa akili si lazima awe mnyonge. Yuko anayeamka saa tisa za usiku akiwa na mipango kumi, anagawa pesa za duka, anaoa ghafla, halali na wala hasinzii, mkimzuia anakuwa mkali. Baada ya wiki au miezi anaanguka katika giza. Huo ni ugonjwa wa baipola. Kwa kuwa wakati wa kupanda anafurahisha watu, hakuna anayemshuku. Mwenye dawa za ugonjwa huu asianze kufunga Ramadhani bila kumuuliza daktari wake, kwani kuna dawa moja, lithiamu, ambayo huwa hatari mwili ukikaukiwa na maji.

Kuna swali mnaloliogopa. Mtu akisema, "Natamani nilale nisiamke," tunamwambia, "Astaghfirullah, usiseme hivyo," na yeye hunyamaza. Amenyamaza, lakini wazo halijaondoka. Muulizeni wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, nimeuliza kazini maisha yangu yote, na wengi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni dawa na sumu zilizomo nyumbani, na mumpeleke hospitali siku hiyo. Zamani familia zilificha jambo hili kwa kuogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Hofu hiyo iacheni. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo, na kwa mambo ya ulevi na dawa za kulevya kuna 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana nayo.

Pa kwenda hapako mbali. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, waombeni barua ya rufaa ikihitajika. Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, kuna huduma hii, na Port Reitz kuna wodi ya wagonjwa wa akili. Familia zenu zisajilini SHA, bima ya afya ya serikali, mapema, kwani NHIF, ile bima ya zamani, iliondoka Oktoba 2024 na wengi bado wanakuja na kadi ya zamani. Mkifika mtaulizwa maswali mengi: alianza lini, anatumia nini, nani katika ukoo amewahi kuugua. Semeni kweli, hata kama mjomba aliyepotea akili ni siri ya nyumba. Watampima sukari na damu pia, kwa sababu tezi ya shingo, maambukizi au malaria kali huweza kumvuruga mtu akaonekana mwendawazimu. Mzee aliyekuwa na akili zake jana na leo hawatambui watoto, huyo ni wa haraka: tafuteni maradhi ya mwili kwanza.

Kuhusu tembe. Za sonona huchukua wiki mbili mpaka nne kabla hazijaanza kusaidia, na wiki ya kwanza zinaweza kuleta kichefuchefu tu. Hapo ndipo wengi wanapozitupa. Wengine huzitupa wakipona, na kupona huko kumeletwa na zile tembe: mara nyingi huendelezwa miezi 6 au zaidi baada ya mtu kuwa mzima, kisha hupunguzwa polepole na daktari. Tembe za usingizi za dukani msizinunue kwa kupewa jina na jirani, hizo zinamfunga mtu. Na dawa za kutuliza sauti, kama haloperidoli, zinaweza kumkaza mtu shingo au taya likaenda upande. Familia hutishika, ikasema pepo amekasirika. Hakuna pepo. Mrudisheni hospitali, kuna dawa inayolegeza hali hiyo kwa muda mfupi.

Ombi langu kwa vyama ni dogo. Katika sanduku mna fungu la msiba na fungu la arusi. Wekeni na fungu la nauli ya kliniki, la kwenda na kurudi kwa watu wawili, mgonjwa na wa kumsindikiza, litolewe bila mtu kuulizwa kikaoni anaumwa nini. Mweka hazina ajue, na yatosha. Kisha chagueni kati yenu mmoja asiye na mdomo mrefu, awe ndiye wa kusindikiza.

Wenu katika mapenzi,
Nesi mstaafu, Mombasa