Karo imfuate mtoto anayetoka makaoni

Mhariri,

Tangu Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 ianze kutumika, na tangu serikali izindue Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, tumekuwa tukiambiwa kwamba makao ya watoto yatapungua hatua kwa hatua na kwamba mtoto anastahili kulelewa na jamaa zake, au akikosa jamaa, na familia nyingine iliyo tayari kumpokea. Siupingi mwelekeo huo. Ninachouliza ni nani atakayelipa karo mtoto huyo akishatoka makaoni, kwa sababu hadi sasa jibu linaachiwa wafadhili, na wengi wao humlipia mtoto kwa kuwa yumo humo ndani.

Wanaoyafahamu makao haya wanajua kuwa si watoto wote wanaoishi humo ambao ni yatima. Wengi wana mama, nyanya au mjomba aliye hai, na baadhi yao walipelekwa huko kwa sababu tu nyumbani hapakuwa na uwezo wa kuwasomesha. Mtoto wa namna hiyo akirudishwa kwa nyanyake bila mpango wa masomo, amerudishwa katika shida ileile iliyomwondoa. Kiwango rasmi cha serikali kuu ni shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, lakini fedha hizo hazilipii bweni, sare wala chakula cha mchana, na hizo ndizo gharama ambazo makao yalizibeba kimyakimya miaka yote.

Jedwali la Nne la Katiba linazikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea, vyuo anuwai vya vijiji na vituo vya kutunzia watoto. Elimu ya sekondari ni jukumu la serikali kuu, na ndiyo sababu mapema mwaka 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali hiyo kabla ya kutoa basari, yaani msaada wa karo, agizo lililozua mvutano hadi magavana wakaenda mahakamani. Sina haja ya kuingia katika kesi hiyo. Hata hivyo, hakuna anayebisha kwamba kijana aliyelelewa makaoni na anayetaka kusomea useremala au ufundi wa umeme katika chuo anuwai cha kijiji yuko chini ya kaunti moja kwa moja, na kwa huyo hakuna cha kusubiri.

Basari zenyewe, zinapotolewa, zina kikwazo kingine ambacho pengine waliotunga fomu hawakukifikiria. Katika wadi ninakoishi, mwombaji hutakiwa kuambatisha nakala ya kitambulisho cha mzazi, sahihi ya chifu na uthibitisho kwamba familia yake ni wakazi wa wadi hiyo. Mtoto aliyeletwa Mombasa kwa amri ya mahakama kutoka kaunti nyingine, na ambaye wazazi wake hawajulikani waliko, atavipata wapi? Meneja wa makao akijitokeza kumwombea, huulizwa kama yeye ndiye mzazi. Nimewahi kumsikia mwanakamati akisema bila haya kuwa makao yana wazungu wao, kwa hiyo wenyeji wapewe kwanza. Kisha mtoto huyohuyo anaporudishwa kwao hukuta kule hana ukazi unaotambulika, na huku jina lake limekwishafutwa.

Uingereza ina utajiri ambao sisi hatuna, na sidai tunaweza kuiga kila kitu chao. Lakini kuna jambo moja ambalo halihitaji utajiri. Tangu mwaka 2014, sheria inailazimu kila mamlaka ya mtaa katika England kuwa na ofisa anayewajibika kwa masomo ya watoto wote walio chini ya malezi yake, popote wanaposoma. Ofisa huyo ni kama mwalimu mkuu wa shule isiyo na majengo: husimamia mpango wa masomo wa kila mtoto, nao hupitiwa upya kila muhula. Mtoto akihamishwa, kuna mtu wa kuulizwa. Hapa kwetu ofisa wa watoto ni wa serikali kuu, chekechea ni ya kaunti, mwalimu ni wa tume ya kitaifa ya walimu, na basari ni ya kamati ya wadi. Mtoto akiacha shule, kila mmoja ana mahali pa kuelekeza kidole.

Ninaziomba serikali za kaunti, za Pwani na kwingineko, ziteue ofisa wa aina hiyo katika idara zao za elimu, ambaye atashirikiana na maofisa wa watoto kujua mtoto gani anatoka makaoni, anakwenda wapi na anaanza shule gani. Fomu za basari zibadilishwe ili amri ya mahakama au barua ya ofisa wa watoto itoshe badala ya kitambulisho cha mzazi, na sharti la ukazi lisimhusu mtoto aliyehamishwa na serikali yenyewe. Mabadiliko ya fomu hayagharimu kitu. Fedha ndizo zinazohitaji kupangwa, na kwa kuwa makadirio ya bajeti za kaunti huwasilishwa kwa mabunge yake kufikia Aprili 30 kila mwaka, vikao vya kukusanya maoni ya umma ndipo mahali pa kulidai fungu la masomo ya watoto hawa. Wasimamizi wa makao, pamoja na wanyanya waliokwisha kurudishiwa wajukuu, waalikwe kwa barua kuhudhuria vikao hivyo.

Mwalimu mstaafu,
Mombasa