Ripoti za Kiingereza: 'moreover' nyingi, hoja chache

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wanaofundisha, na wanaofundishwa, kuandika Kiingereza cha ripoti. Kazi yangu ni kupitia ripoti za wenzangu kabla hazijapelekwa kwa wakubwa. Nasahihisha tahajia, nakagua majedwali, lakini muda mwingi unaniishia kwenye mambo mawili: maneno ya kuunganishia sentensi, na ule ukurasa wa mwisho wenye kichwa "Recommendations".

Chanzo cha tatizo nakijua. Ni ile karatasi inayozunguka madarasani na kwenye simu, yenye safu za "moreover", "furthermore", "in addition", "nevertheless", "consequently". Mwanafunzi anaambiwa azikariri na kuzimwaga kwa wingi, eti mtahini atafurahi. Si kweli. Vigezo vya kusahihishia IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, viko wazi kwa yeyote anayetaka kuvisoma. Mtiririko na mshikamano wa maandishi una robo ya alama za sehemu ya kuandika, na kuzidisha maneno ya kuunganisha kumetajwa kama kasoro ya daraja la 5. Daraja la 9, la juu kabisa, ni la anayeunganisha mawazo hadi msomaji havioni viungio vyenyewe, au huviona mara chache mno. Wenye mtihani wao wanasema punguza, sisi tunafundisha ongeza.

Nitoe mfano. Nimeutunga mwenyewe nisije nikamwaibisha mtu, ila ndugu zake napokea kila wiki:

"The library closes at four. Moreover, many students have classes until five. Therefore, it is recommended that measures should be taken to improve the library."

Kwa sarufi peke yake, mwandishi huyu anafaulu. Sasa tazama "moreover" inafanya nini pale. Kazi yake ni kulimbikiza: una hoja moja, unaongeza nyingine inayosukuma upande uleule. Hapa hakuna kinacholimbikizwa. Maktaba kufungwa saa kumi si kosa, na vipindi kuisha saa kumi na moja si kosa. Tatizo ni kwamba ratiba hizo mbili zimegongana. Mwandishi ameliona tatizo, kisha akatumia neno linalolificha.

Halafu "therefore". Inamwahidi msomaji kwamba kinachokuja kimezaliwa na kilichotangulia, na kinachokuja ni "kuboresha maktaba". Kuboresha nini? Viti? Rangi ya kuta? Anayesoma sentensi hiyo peke yake, na wakubwa wengi husoma mapendekezo tu, hawezi kujua kwamba shida ilikuwa saa ya kufunga. Na huko "it is recommended", nani anapendekeza? "Measures" ni zipi, na atakayezichukua ni nani? Sentensi nzima haina mtu ndani yake. Ndiyo maana mapendekezo ya namna hii hupita kikaoni bila ubishi: hayamgusi yeyote.

Andiko hilohilo mimi ningelirudisha hivi:

"Most students are in class until five, so they cannot use the library, which closes at four. We recommend that the librarian keep it open until seven on weekdays, starting next term."

"Moreover" na "therefore" zimeondoka. Kazi imefanywa na "so", kijineno ambacho karatasi ile inakidharau, kikisaidiwa na "which". Mkutubi sasa anajua ni yeye anayeambiwa, afunge saa ngapi na aanze lini. Muhula ukifika, yeyote anaweza kwenda saa kumi na mbili jioni kuona kama mlango uko wazi.

Najua wapo watakaodai nimesahau "s" kwenye "keep". Sikusahau. Baada ya "recommend that" kitenzi hubaki hivyo, na mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, maana hata sisi hatusemi "napendekeza anafungua", tunasema "afungue". Anayependelea "should keep" yuko sawa pia. Kinachokataliwa ni "suggest him to keep", nami nakikuta mara nyingi mno.

Kuna jambo jingine hapo. "Recommend" na "suggest" watu huzipokezanisha ili wasirudie neno, kana kwamba uzito ni mmoja. Watayarishaji wa miongozo ya tiba wanaofuata GRADE, mfumo wa kupima ubora wa ushahidi na uzito wa mapendekezo, huzitenganisha: "we recommend" ni kwa pendekezo zito, "we suggest" ni kwa lile lenye masharti, ambalo daktari anaweza kuliacha kulingana na hali ya mgonjwa. Sioni kwa nini ripoti ya ofisi isiwe na uangalifu huohuo.

Makosa madogomadogo sitayachambua: "although" na "but" kubebana katika sentensi moja, "despite of", au "however" kubandikwa kati ya sentensi mbili kamili kwa mkato tu, pahali panapotaka nukta au nuktamkato. Hayo yanasahihishika kwa kalamu. Uhusiano uliokosewa hausahihishiki hadi nimpigie mwandishi simu nimuulize alimaanisha nini.

Kwa walimu nina ombi. Mpeni mwanafunzi aya iliyonyofolewa viungio vyote, mumuulize kwanza sentensi hii na ile zina uhusiano gani: sababu, kinyume, mfano, au hakuna? Neno lije baadaye, na mara nyingi halitahitajika. Wanaisimu Halliday na Hasan, mwaka 1976, walitaja njia tano ambazo Kiingereza hushikamanisha maandishi, na viunganishi ni moja tu kati ya hizo. "This delay" au "these fees" mwanzoni mwa sentensi hufunga aya vizuri kuliko "furthermore" tatu.

Na wenzangu wa maofisini, yaandikeni mapendekezo kwanza, hata kabla ya utangulizi. Kisha kila moja uliulize: kwa sababu gani, na sababu hiyo iko ukurasa wa ngapi? Lisilo na ukurasa lifutwe, hata kama bosi analipenda.

Nawe Mhariri, ikitokea mkachapa safu za maneno hayo kwenye ukurasa wa wanafunzi, naomba kila neno lipewe sentensi mbili kamili: moja linamofaa na moja lisimofaa.

Mpitiaji wa ripoti, msomaji wenu