Kabla ya kumfukuza kijana, isomeni programu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wenye karakana za vyuma hapa Mombasa, na walimu wa vyuo vya ufundi pia. Jambo lenyewe ni hizi mashine za CNC, yaani za kukata vyuma kwa kuongozwa na programu ya kompyuta, za mtumba zinazoshushwa Kilindini ndani ya makontena na kusambazwa Shimanzi, Changamwe na Miritini. Ikifika, tajiri hufurahi na picha hupigwa. Siku ikijigonga, kijana aliyekuwa zamu hufukuzwa jioni ile ile. Nimeitwa mara nyingi kutazama mashine zilizojigonga, na aghalabu nakuta kosa limeshaandikwa ndani ya programu kabla kijana hajagusa kitufe.

Chukueni kisa cha karibuni. Karakana moja ilipata kazi ya kutengeneza flanji za shaba za pampu ya boti. Mashine ni milingi ya wima, inayokata kwa kikatio kinachozunguka, na kontrola yake, yaani kompyuta inayoiongoza, ni ya Fanuc. Kijana akafunga kipande kwenye jiriwa, akatafuta kona yake kwa makini, akaiweka sifuri ya kazi, yaani mahali vipimo vinapoanzia, kwenye nafasi ya kumbukumbu iitwayo G55. Hakuitumia G54 kwa sababu humo mlikuwa na sifuri ya kazi nyingine ambayo tajiri alitaka irudiwe wiki ile. Hapo alifanya kama fundi anavyotakiwa kufanya. Programu ikaletwa kutoka ofisini kwa flashi. Akabonyeza kuanza, spindeli, mhimili unaozungusha kikatio, ikakimbia kwa G00, mwendo wa kasi, hadi mahali asipopatarajia, ikashuka juu ya taya la jiriwa. Kikatio kikavunjika vipande, na tangu hapo beringi za spindeli zinalia.

Nilipofika, neno lililokuwa vinywani mwa watu ni kwamba kijana hakuweka sifuri. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando ya kabati la zana. Akaniambia, "Ami, mimi sifuri yangu niliiweka. Itazame mwenyewe."

Nikaitazama. Ofseti, yaani hizo sifuri zilizohifadhiwa, hazifutiki mashine ikizimwa, kwa hiyo ushahidi ulikuwa pale pale kwenye skrini. Z, yaani kimo, ya G55 ilisomeka -338.900. Z ya G54, ile ya kazi ya zamani, ilisomeka -412.350. Kisha nikaifungua programu, na baada ya mistari michache nikakuta hii:

G90 G54 G00 X0. Y0.
G43 H03 Z5.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Programu iliamuru kikatio kisimame milimita 5 juu ya sifuri ya G54, yaani -407.350 kwa kipimo cha mashine. Uso wa kipande halisi ulikuwa -338.900. Kwa hiyo kikatio kiliamriwa kushuka milimita 68.45 chini ya uso wa kipande, tena kwa mwendo wa kasi, na juu ya X na Y za kazi nyingine kabisa, ambako sasa palikuwa na taya la jiriwa. Mkono wa kijana haukukosea hapo. Mashine ilitii neno kwa neno.

Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya mashine hizi aelewe hivi. Programu ni kama kumwelekeza mgeni wa Majengo, "nyumba ya tatu kutoka msikitini." Maelekezo ni sahihi, lakini msikiti upi? G54, G55, hadi G59, ndiyo majina ya misikiti. Zipo sita za kawaida, na kila moja inaeleza sifuri ya kazi iko umbali gani kutoka sifuri ya mashine yenyewe. Ukimtajia msikiti usio wake, mgeni atahesabu nyumba tatu vizuri kabisa na kubisha kwa watu wasiomjua.

Sasa G54 iliingiaje, na kijana aliiweka sifuri yake kwenye G55? Nilikwenda ofisini kwenye kompyuta. Katika programu ya CAM, ile inayopanga njia ya kikatio kutokana na mchoro, pana kisanduku cha kuandika nambari ya ofseti, na mchoraji alikiacha sifuri. Posti nyingi, programu ndogo nitakazozieleza sasa hivi, zikikuta sifuri hapo hujichukulia G54, zikatoa onyo la mstari mmoja ambalo hakuna alisomaye, na kazi ikaendelea. Mchoraji hakujua, kijana hakuambiwa, na tajiri hajawahi kusikia kwamba kuna kitu kinachoitwa posti.

Kitu hicho ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu. Kompyuta inapopanga njia ya kikatio haiijui mashine yako. Inapanga njia tu: pita hapa, shuka hapa, zunguka pale. Kuna programu ndogo ya pili, posti-prosesa, ambayo mafundi tunaiita posti, ndiyo inayoigeuza njia ile iwe misimbo ya G na M ambayo kontrola yako inaielewa. Mgawanyo huu si wa jana. Mashine ya milingi inayoendeshwa kwa nambari ilionyeshwa MIT, Marekani, mwaka 1952, ikisoma mkanda wa karatasi uliotobolewa. Baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ikaja lugha ya APT, iliyotenganisha hesabu ya njia na ugeuzaji wake kwa kila aina ya mashine. Ile alama ya % tunayoiona mwanzoni na mwishoni mwa programu hadi leo ni masalio ya mkanda ule.

Viwango vya misimbo hii vipo, RS-274 na ISO 6983, lakini kila mtengenezaji ameongeza yake. Mwenye Fanuc akitaka ofseti zaidi ya zile sita huandika G54.1 P1 hadi P48. Kwenye Haas ni G154. Sinumerik ya Siemens kwa lugha yake yenyewe haitumii G43 na H kwa urefu wa zana, hutumia nambari ya D. Ndiyo maana posti iliyopakuliwa bure kwenye intaneti, "ya Fanuc" kwa jina tu, inaweza kuendesha mashine ya jirani vizuri mwaka mzima na kuivunja yako asubuhi moja.

Nukta peke yake inatosha kuleta maafa. Kwenye Fanuc nyingi, kutegemea parameta 3401, mmoja wa mipangilio ya ndani ya kontrola, imewekwaje, X10 isiyo na nukta husomwa mikroni 10, yaani milimita 0.010. X10. yenye nukta ndiyo milimita 10. Sasa fikirieni posti inayoandika Z50 bila nukta kama kimo cha usalama. Fundi anaona hamsini na moyo unatulia. Mashine inaona mikroni hamsini tu, inasimama milimita 0.050 juu ya kipande, kisha inakimbia kwa kasi kuvuka meza yenye vibano. Nimeona kibano kimeng'olewa na T-nati yake kwa sababu hiyo. Na zile mashine zitokazo Marekani nyingine huwaka zikiwa kwenye inchi, G20. Posti isipoandika G21 mwanzoni mwa programu, kila kipimo kinazidishwa mara 25.4.

Halafu kuna betri, na hapa Pwani inatuumiza zaidi. Parameta na ofseti za kontrola nyingi hushikiliwa na betri ndogo inayofaa kubadilishwa karibu kila mwaka, na ibadilishwe mashine ikiwa imewashwa. Mashine ikikaa kwenye kontena miezi baharini na mingine bandarini ikingoja makaratasi, betri inakufa na kumbukumbu inapotea. Muuzaji anamwita mtu azirudishe parameta kwa kubahatisha. Mahali pa sifuri ya mashine pakikosewa kwa mzunguko mmoja wa skrubu, ofseti zote kuanzia G54 hadi G59 zimehama nayo, na hakuna alamu itakayolia.

Kwa hiyo wenye karakana, mnapokwenda kununua, msiulize tu spindeli inazunguka mara ngapi na meza ina urefu gani. Ulizeni nakala ya parameta iko wapi. Ulizeni kitabu cha kontrola ile yenyewe, si ya modeli inayofanana nayo. Ulizeni mwenye kuiuza alikuwa akitumia posti gani, na mpewe faili lake. Faili hilo ni dogo, linaingia kwenye flashi yoyote, na muuzaji aliyetoa mashine kwenye kiwanda kinachofanya kazi kwa kawaida anaweza kulipata. Akikwambia halipo, punguza bei, kwa sababu utamlipa mtu akuandikie na kuijaribu.

Mkishaipata, msiiache kama ilivyo. Posti za programu kadhaa za CAM ni maandishi ya JavaScript tu, hufunguliwa na kuhaririwa. Pale panaposema ofseti ikiwa sifuri tumia G54, pabadilishwe paseme ofseti ikiwa sifuri simama, usitoe programu. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayeielewa. Karakana ile ya flanji niliwabadilishia, na nikaongeza mistari miwili juu ya programu inayoandika ofseti inayotumika na orodha ya zana. Kijana alirudishwa kazini wiki iliyofuata, lakini mshahara wa siku alizokaa nyumbani hakulipwa, na hilo mimi nasema si haki hata kidogo.

Walimu wangu wa vyuo, nanyi nina neno nanyi. Mji huu umefundisha ufundi tangu enzi za MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), chuo kilichokuja kuwa Mombasa Polytechnic na ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mafundi wazuri sana wa kukereza wa rika langu wametoka humo. Lakini vijana wanaonijia sasa kutoka vyuo mbalimbali vya pwani wanajua kuchora kwenye kompyuta kwa namna inayonifurahisha, kisha nikiwapa karatasi ya programu niwaulize kikatio kitakuwa wapi baada ya mstari wa tano, wananyamaza. Wamefundishwa kubonyeza kitufe cha kutoa posti. Hawajafundishwa kuisoma.

Somo ninaloliomba ni hili. Mwanafunzi asimame mbele ya mashine, aweke mwendo wa kasi kwenye asilimia 25 au chini zaidi, awashe mstari mmoja mmoja, afungue ukurasa wa skrini unaoonyesha umbali uliobaki. Kikatio kikiwa kinashuka kuelekea kipande kwa mara ya kwanza, asimamishe kikiwa bado hewani. Asome Z iliyobaki. Kisha ashike rula, apime kwa macho yake pengo kati ya ncha ya kikatio na uso wa kipande. Skrini ikisema zimebaki milimita 90 na rula inasema pengo ni 25, hapo hakuna mjadala, asiendelee, arudi kwenye programu atazame G54 au G55, atazame H ya urefu wa zana kama ni ya zana iliyoko kwenye spindeli. Kijana yule wa flanji angefundishwa hilo, kosa la ofisi lingekamatwa mlangoni. Hakufundishwa, na si yeye wa kulaumiwa kwa hilo pia.

Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ya daraja la tatu hadi la kwanza inaheshimika karakani, na ningependa swali la namna hii liwemo kwa wanaofanya mashine: mtahiniwa apewe programu yenye ofseti isiyo yake, aambiwe kipande kimefungwa wapi, aseme mashine itagonga wapi na aonyeshe hesabu.

Nimezungumza na walimu wawili walio tayari kuanza mazoezi haya Jumamosi, wakiruhusiwa kuwasha mashine ya chuo nje ya ratiba. Nawaomba wakuu wao wawape ruhusa, na wenye karakana wenzangu watoe vipande vya aluminiamu vya kujifunzia. Mimi vyangu nimeshavikata na viko tayari kuchukuliwa.

Fundi wa mashine,
Shimanzi, Mombasa